Kwa nini mkanda wa siti ya nyuma nao ufungwe

Basi limetoka stendi ya Mbezi alfajiri na abiria wengi wamesharudi usingizini. Kabla ya Kibaha konda anasimama katikati ya njia na kupaza sauti: "Abiria, fungeni mikanda, trafiki hapo mbele." Basi zima linalia kach, kach, kach. Askari anapanda, anatembea hadi siti za kati, anatazama kushoto na kulia, anashuka. Hatujamaliza hata kilomita mbili, mikanda imeshafunguliwa, mingine imerudi chini ya siti ilikokuwa.

Nimesafiri hivyo mara nyingi kiasi cha kuujua mlio ule kwa moyo. Unaniambia jinsi wengi wetu tunavyouelewa mkanda: ni kitu cha kumwonyesha askari, kama tiketi. Ndiyo maana kila polisi wanapotangaza msako, kwenye makundi ya WhatsApp linarudi swali lilelile: "Jamani, hivi na sisi wa nyuma tunafunga?" Majibu hayapatani. Mmoja anasema sheria haimgusi wa nyuma. Mwingine anasema nyuma ni salama, hata ajali itokee. Wa tatu anasema mkanda wenyewe ndio unaoua, gari likiwaka moto utoke vipi? Katika kila jibu kuna chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayofanya ubishi usiishe. Tuanze na kitu chenyewe.

Mkanda wa usalama ni utepe uliofumwa kwa nyuzi imara, umeshikizwa kwenye bodi ya gari, na kazi yake ni moja: kumfanya abiria asimame pamoja na gari. Upo wa aina mbili kuu. Ule wa kiunoni, unaopatikana kwenye mabasi mengi ya mikoani, unapita juu ya nyonga tu. Ule wa pointi tatu, ulio kwenye magari madogo, unapita begani, kifuani na kwenye nyonga, na umeshikwa sehemu tatu. Huu wa pili ulibuniwa na mhandisi wa Sweden, Nils Bohlin, mwaka 1959 alipokuwa Volvo. Kabla ya hapo alikuwa akishughulikia viti vya kumrusha rubani nje ya ndege ya kivita, kwa hiyo alijua vizuri mwili wa mtu unavyoumia ukisukumwa ghafla. Volvo waliuacha ubunifu huo wazi ili kila kampuni iutumie, na hadi leo, uwe na Toyota au Nissan, mkanda unaoufunga ni mtoto wa ule wa Bohlin.

Sasa, ajali yenyewe. Tukisema "gari limegonga" tunafikiria tukio moja, kumbe ndani yake kuna migongano mitatu inayofuatana kwa haraka sana. Kwanza gari linagonga kitu, tuseme lori lililoharibika barabarani. Gari linasimama, lakini wewe uliye ndani hujasimama. Bado unakwenda mbele kwa mwendo uleule gari liliokuwa nao. Hapo unakuja mgongano wa pili: mwili wako unagonga usukani, dashibodi, kioo, au mgongo wa siti iliyo mbele yako. Mwili nao ukishasimama, viungo vya ndani bado vinakwenda. Ubongo unagonga fuvu, moyo na ini vinavuta mishipa inayovishika. Huo ni wa tatu, na ndio unaomwondoa mtu ambaye kwa nje hana hata mkwaruzo.

Mkanda hauwezi kuuzuia mgongano wa kwanza. Unashughulika na wa pili, na kwa kuupunguza huo unapunguza na wa tatu.

Ukitaka kuona unavyofanya kazi, mkumbuke mtu anayedaka embe linalotupwa kutoka mtini. Akiikaza mikono, embe linapasuka au vidole vinauma. Akiirudisha mikono nyuma kidogo huku analipokea, embe linafika zima. Embe ni lilelile na limeshuka kwa kasi ileile. Kilichobadilika ni muda na umbali liliopewa ili lisimame. Gari la kisasa linapogonga, sehemu ya mbele inajikunja kwa makusudi, na kule kujikunja ndiko kuirudisha mikono nyuma. Aliyefunga mkanda amefungwa kwenye gari, kwa hiyo anasimama taratibu pamoja nalo, na utepe wenyewe unanyooka kidogo. Asiyefunga anaikosa nafasi hiyo yote. Gari linamaliza kujikunja yeye akiwa bado hewani, kisha anasimama ndani ya sentimita chache alipokutana na kitu kigumu.

Na kasi? Hapa ndipo wengi tunapojidanganya, kwa sababu spidi ya 50 ndani ya gari lenye kiyoyozi na muziki haionekani kuwa kitu. Ukiipigia hesabu, kugonga ukuta kwa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi, kama ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 80, ambayo ndiyo kikomo cha basi la mkoani, ni mita 25, yaani ghorofa ya nane. Angalia kasi imeongezeka kiasi gani na urefu umeongezeka kiasi gani: kutoka 50 hadi 80 mwendo haujafika hata mara mbili, lakini anguko limezidi mara mbili na nusu. Hakuna anayekaa ukingoni mwa ghorofa ya tatu akasema "mimi nitajishika." Lakini ndivyo tunavyosema tukienda sokoni: pale tu hapa karibu, nitajishika.

Mikono haishiki. Mtu wa kilo 60 akisimamishwa kutoka kilomita 50 kwa saa ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, nguvu inayomsukuma mbele ni sawa na uzito wa kilo 850 hivi. Mikono ya nani inabeba hiyo? Mkanda unaibeba, na unaigawa kwenye mifupa imara kuliko yote tuliyo nayo upande wa mbele: nyonga, mbavu, mfupa wa kifua na wa bega. Ndiyo maana unavyoukalisha ni muhimu. Sehemu ya chini ilale juu ya nyonga, si tumboni, kwa sababu tumbo halina mfupa wa kupokea nguvu hiyo. Sehemu ya juu ipite katikati ya bega na kifua, si shingoni, na isipitishwe chini ya kwapa kama wanavyofanya wengine wakisema unabana. Ukipitishwa kwapani, zile nguvu zinaziangukia mbavu za chini, na nyuma yake kuna ini na wengu.

Kuna kitu kinachowachanganya madereva wengi: mkanda kukwama ukiuvuta kwa haraka. "Huu mbovu," anasema, anauacha. Kumbe huo ndio mzima. Kwenye magari mengi, ndani ya nguzo ya mlango kuna roda yenye springi inayouvuta utepe, na pembeni yake kuna gololi ndogo iliyokaa kwenye kisahani. Gari likishika breki ghafla au likiinama, gololi inapanda ukingo wa kisahani na kusukuma ulimi mdogo unaoshika meno ya roda. Roda inagoma. Kuna kifaa kingine kinachogoma utepe ukivutwa kwa nguvu, hata gari likiwa limesimama. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mkanda wako unafanya kazi, uvute ghafla. Ukigoma, mshukuru Mungu. Usipogoma, nenda kwa fundi. Na ukinunua mkanda wa spea uliotumika, uulizie kama gari lilikotoka lilipata ajali, maana utepe uliokwisha kunyooka mara moja kazini hautanyooka vilevile mara ya pili.

Turudi kwenye swali la siti ya nyuma.

Chembe ya ukweli katika "sheria haimgusi wa nyuma" ni hii: Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ni ya mwaka 1973, na ilipozungumzia mkanda ilimtazama dereva na abiria wa mbele. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 kuhusu usalama barabarani iliiorodhesha Tanzania miongoni mwa nchi ambazo sheria yao ya mikanda haijawafikia abiria wa siti za nyuma. Wadau wa usalama barabarani wameipigia kelele kasoro hiyo kwa miaka mingi, na mimi naungana nao. Wenzetu wa Kenya walikwenda mbali mapema kwa vyombo vya abiria: kanuni zilizotoka mwaka 2003 na kuanza kusimamiwa Februari 2004, chini ya Waziri John Michuki, zilidai mkanda kwenye kila siti ya matatu na kidhibiti mwendo cha kilomita 80. Kenya nzima inazijua kama sheria za Michuki.

Lakini pengo katika sheria halina maana kwamba hatari haipo. Sheria ya 1973 iliandikwa kwa magari ya wakati ule. Ile mita 10 ya kuanguka haiulizi umekaa siti gani.

Wale wanaosema nyuma ni salama nao hawajakosea kabisa. Aliye nyuma yuko mbali na injini na mbali na kioo, na ni kweli mtoto anapaswa kukaa nyuma. Ila usalama huo unakuwapo akibaki nyuma. Asipofunga mkanda habaki. Anaruka mbele na kuivaa siti ya dereva kwa ule uzito wa mamia ya kilo, na dereva aliyefunga mkanda wake vizuri anabanwa kati ya usukani na mgongo wa abiria wake. Watafiti wa Japani walichambua takwimu za ajali za nchini kwao na mwaka 2002 wakachapisha matokeo katika jarida la The Lancet: kwa watu wa mbele waliofunga mkanda, hatari ya kufa ilikaribia kuwa mara tano zaidi pale walio nyuma yao walipokuwa hawajafunga. Mara tano. Mwaka 2008 Japani ikafanya mkanda wa siti ya nyuma kuwa wa lazima.

Nasisitiza Japani kwa sababu magari yetu mengi yanatoka huko. Lile gari uliloagiza, lililoshushwa bandarini Dar es Salaam, limekuja na mikanda ya nyuma tayari. Sisi ndio tunaoipoteza. Nitarudi hapo.

Kwa hiyo kwenye teksi unayoiita kwa simu, dereva anapokuambia "dada kaa tu, nyuma hakuna shida," usione haya kumwambia, "Kaka, nafunga, na kwa ajili yako pia." Anatakiwa kufurahi.

Hofu ya moto na maji naiheshimu, maana si ya kipuuzi; picha ya gari linalowaka haitoki kichwani. Lakini magari yanayowaka au kutumbukia majini ni sehemu ndogo sana ya ajali. Na hata humo, nani anatoka? Anatoka aliyebaki na fahamu na miguu isiyovunjika. Kitufe chekundu cha kufungulia mkanda kinabonyezwa kwa kidole kimoja; aliyezirai baada ya kugonga kichwa hana kidole cha kubonyeza wala mlango wa kufungua. Ndivyo ilivyo na ile habari ya "fulani alirushwa nje akapona." Huenda ni kweli. Lakini aliyepona ndiye anayesimulia, na waliorushwa nje wakaangukiwa na gari lenyewe au kugonga mti hatusikii simulizi zao, tunahudhuria mazishi yao.

Magari yanayopinduka yananirudisha kwenye mabasi. Mkanda wa kiunoni una udhaifu: haushiki kifua, kwa hiyo basi likigonga uso kwa uso, kichwa na mabega vitakwenda mbele. Wapo wanaosema kwa hiyo mkanda huo hauna faida. Unayo kubwa, kwa sababu basi likilala ubavu au kubingirika, kinachoua sana ni watu kuangukiana, kugonga paa, na kutokea madirishani kisha kulaliwa na bodi. Kukuzuia usitoke sitini mkanda wa kiunoni unaweza. Ukiwa nao, ukaze chini kwenye nyonga, usiuache umening'inia mapajani kama pambo.

Kuhusu mfuko wa hewa, ule unaofumuka kutoka kwenye usukani: zile herufi SRS zilizoandikwa hapo zinamaanisha ni mfumo wa nyongeza. Nyongeza ya nini? Ya mkanda. Mfuko unafumuka kwa kasi inayoweza kufika kilomita 300 kwa saa, na umepigiwa hesabu kwamba mtu aliyefungwa atakutana nao ukiwa umeshajaa. Asiyefungwa anaweza kuufikia wakati bado unafumuka, na hapo unakuwa kama ngumi. Ni hatari zaidi kwa mtoto, ndiyo maana kiti cha kichanga kinachotazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko unaofanya kazi. Na vile vibati vya kuchomeka kwenye kifungio ili gari liache kulia? Gari lile linaendelea kuamini umefunga, kumbe hujafunga.

La watoto linaniuma kuliko yote. Mama anampakata mwanawe mbele, anamkumbatia, anaamini hakuna mahali salama kuliko kifuani pake. Mapenzi hayo ni ya kweli, hesabu tu haiyaungi mkono. Mtoto wa kilo 10, kwa ile kilomita 50 kwa saa, anavutwa mbele kwa nguvu ya kilo 140 hivi. Hilo ni gunia la mahindi la kilo 100 na karibu nusu yake, linanyakuliwa mikononi kabla hujajua kimetokea nini. Na mama mwenyewe akiwa hajafunga, mtoto anakuwa mto kati yake na dashibodi. Wapo wanaompitishia mtoto mkanda wao, wawili ndani ya utepe mmoja. Uzito wa mtu mzima unambana mtoto dhidi ya mkanda. Usifanye hivyo.

Kinachofaa ni kiti cha mtoto kinacholingana na umri wake, na najua bei yake inawashinda wengi. Kwa mtoto anayeketi mwenyewe, ambaye kiti hakipo, siti ya nyuma na mkanda wake peke yake ni bora mara nyingi kuliko mapajani. Mkanda wa watu wazima unamfaa hasa pale ambapo mgongo wake unagusa siti, magoti yanajikunja ukingoni, na utepe unapita begani bila kumkata shingo. Mjamzito naye afunge: wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga, wa juu upite katikati ya matiti na kando ya tumbo. Kinachomlinda mtoto aliye tumboni kwanza ni mama yake kubaki hai.

Na kuna jibu la mwisho ambalo huwa linafunga mjadala kabla haujaanza: siku ikifika imefika. Naamini ajali ina kudura yake. Lakini aliyefundishwa dini pwani hii amesikia habari ya yule bedui aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu, akajibiwa: mfunge, kisha tegemea. Ngamia anafungwa kamba, na sisi tuna mkanda. Watu takribani milioni 1.19 wanakufa barabarani duniani kila mwaka, na kwa walio kati ya miaka 5 na 29 hakuna kinachoua zaidi ya hapo. Mkanda unaweza kuipunguza hatari ya kufa ya aliye ndani ya gari hadi nusu. Sijui dawa nyingine ya bei hiyo.

Nilisema nitarudi kwenye mikanda tunayoipoteza. Mwaka jana niliazima gari la kaka yangu kuwapeleka watoto wa dada Morogoro. Nikafungua mlango wa nyuma, nikaingiza mkono kwenye mwanya wa siti kutafuta vifungio, sikuvipata. Fundi wa makava alikuwa ameshona ngozi mpya juu ya siti yote, safi kabisa, mshono umenyooka, na vifungio vyote vitatu vikabaki chini yake. Nilichukua wembe nikakata pindo la nyuma taratibu. Chini yake kulikuwa na vumbi, maganda ya karanga, sarafu ya shilingi mia, na vifungio vitatu vinavyong'aa. Niliuvuta mkanda wa dirishani: utepe ulikuwa mweusi ti, haujapauka, bado una mkunjo wa kiwandani. Gari lilikuwa nchini mwaka wa nne.

Watoto walifunga wote, mdogo akiwa amekalia kiti alichotuazima jirani. Niliporudi nilimpelekea fundi yuleyule, akaniambia hakuna mteja aliyewahi kumwomba aache matundu. Alitoboa matatu, akayapiga pindo ili ngozi isichanike, kazi ya nusu saa. Ukipeleka gari kushonewa makava, mwambie kabla hajakata ngozi.